Ramani ya utafiti wa mikrobiota ya binadamu kwa nchi moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ramani ya utafiti ni kitu gani, na inamfaa nani?

Ni jibu la maswali manne kwa mpigo: nchi imeandika nini kuhusu bakteria, fangasi na virusi wanaoishi juu ya mwili wa mtu na ndani yake, iliandika lini, ilishirikiana na nani, na miili ya akina nani ndiyo iliyochunguzwa. Jibu hupatikana kwa kuhesabu machapisho, kazi inayoitwa bibliometria, kisha kuyachora kama mtandao wa nukta na mistari. Wanaoihitaji ni wanafunzi wa uzamili wanaotafuta pengo la kufanyia kazi, wakutubi wa vyuo, na maofisa wanaopanga fedha za utafiti.

Mfano wetu hapa ni Tanzania, na jirani zake pale wanapohusika. Sababu ni kwamba utafiti wa mikrobiota wa Tanzania unaojulikana zaidi duniani, ule wa Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, unaonyesha waziwazi jinsi hesabu inavyoweza kumdanganya mhesabuji.

Mikrobiota au mikrobiomu?

Mikrobiota ni viumbe wenyewe. Mikrobiomu ni viumbe hao pamoja na jeni zao na mazingira wanamoishi. Waandishi wengi huyachanganya maneno haya mawili bila wasiwasi, kwa hiyo katika kutafuta lazima uyachukue yote mawili. Katika kuandika, chagua moja, lieleze mara ya kwanza, usihame.

Nitumie hifadhidata ipi?

Inategemea chuo chako kinalipia nini na unataka kuchora nini.

PubMed ni ya bure na ina makala nyingi za tiba, lakini faili unalopakua halibebi orodha ya marejeo ya kila makala. Kwa hiyo unaweza kuchora waandishi wenza na maneno muhimu, si nani anamnukuu nani. Web of Science na Scopus zina marejeo, nazo hulipiwa. Kama chuo kimesajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, muulize mkutubi kama Scopus imo kwenye kifurushi chenu kabla ya kukata tamaa. OpenAlex, iliyoanza Januari 2022 baada ya Microsoft kufunga hifadhidata yake ya kitaaluma, ni ya bure na hukusanya majarida mengi madogo ambayo hao wakubwa hawayaoni. Udhaifu wake ni anwani: taasisi za Afrika mara nyingine hukosa nchi, au hupewa nchi isiyo yake.

Ushauri wetu kwa nchi ya Afrika Mashariki ni kuchukua mbili: Scopus au Web of Science kwa ajili ya mtandao, na PubMed au OpenAlex kwa ajili ya kukamata zilizoponyoka. Idadi ya makala za nchi moja kwenye mada hii bado inavumilika, hivyo kazi ya kuunganisha si ya kuogopesha. Tumia DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho wa kila makala, kuondoa rekodi zinazojirudia. Zisizo na DOI zilinganishe kwa kichwa cha makala baada ya kukigeuza kiwe herufi ndogo na kuondoa alama zote za uandishi.

Kuna tahadhari moja ya kupakua. Web of Science hutoa rekodi 500 kwa mkupuo, ukitaka rekodi kamili pamoja na marejeo yake. Ukiwa na 1,340 utapakua mara tatu: 1 hadi 500, 501 hadi 1000, 1001 hadi 1340. Wengi husahau mkupuo wa mwisho, halafu hushangaa kwa nini miaka ya zamani haina kitu.

Maneno ya kutafutia nayapangaje?

Gawa utafutaji katika mafungu matatu: viumbe, mwili wa binadamu, na nchi. Ndani ya kila fungu unganisha maneno kwa OR, na kati ya mafungu kwa AND.

Fungu la viumbe liwe na angalau haya: "microbiota", "microbiome", "microflora", "gut flora", "vaginal flora", "dysbiosis", "metagenom*" na "16S rRNA". Usithubutu kuandika "microbio*" ukidhani umefanya ujanja wa kufupisha. Nyota hiyo inaikokota "microbiology" nayo, na kila makala yenye neno hilo kwenye muhtasari itamwagika mezani kwako, kuanzia usugu wa viuavijasumu hadi maji ya visima.

Maneno yenye "flora" ni ya zamani, na ndiyo maana lazima yawemo. Kabla usomaji wa DNA haujawa rahisi, watafiti wa ukimwi na magonjwa ya zinaa wa Afrika Mashariki walikuwa tayari wanachunguza bakteria wa ukeni kwa hadubini na rangi ya Gram. Makala ya Rakai, Uganda, iliyotoka katika Lancet mwaka 1997 kuhusu VVU inataja "vaginal flora" na "bacterial vaginosis" kwenye kichwa chake. Neno "microbiota" halimo humo. Ukiacha maneno hayo, ramani itaonyesha kwamba kanda hii ililala hadi 2010, na huo ni uongo. Kama utaingiza "bacterial vaginosis", amua mapema na uandike uamuzi wako, kwa sababu neno hilo peke yake linaweza kubadili sura ya ramani nzima.

Fungu la mwili: "human", "infant", "child*", "women", "patient*", "gut", "stool", "faecal" na "fecal" zote mbili, "oral", "vaginal", "skin", "breast milk". Tahajia ya Uingereza na ya Marekani ni mtego wa kweli hapa, maana makala za kanda yetu hutumia zote.

Kwenye PubMed usiweke kichujio cha "Humans". Kichujio hicho husoma vibandiko vya mada vya MeSH, na rekodi isiyo na vibandiko hivyo hutupwa nje hata kama inahusu watoto 200 wa Kwale.

Naona makala za mbu na mchwa. Nizitoe kwa NOT?

Hapana. Tanzania na Kenya zina watafiti hodari wa mbu, na tumbo la Anopheles lina mikrobiota yake. Ukitafuta "gut microbiota" pamoja na Kenya utakutana pia na fangasi anayeitwa Microsporidia MB, aliyeripotiwa mwaka 2020 kuwa huzuia vimelea vya malaria ndani ya mbu. Ni kazi nzuri, ila si yako. Tatizo ni kwamba ukiandika NOT "mosquito" unatupa pia utafiti wa watoto wenye malaria ambao muhtasari wake umetaja mbu mara moja tu. Ziache ziingie, kisha zichambue kwa macho. Makala 600 kwa kusoma kichwa na muhtasari ni kazi ya siku mbili tatu kwa watu wawili.

Jina la nchi linaniletea takataka. Nifanye nini?

Tofautisha nchi kwenye anwani ya mwandishi na nchi kwenye maandishi ya makala. Scopus hutumia AFFILCOUNTRY kwa ya kwanza, Web of Science hutumia CU, na PubMed hutumia alama ya ad. Ya pili hutafutwa kwenye kichwa, muhtasari na maneno muhimu. Unazihitaji zote mbili. Sababu yake iko kwenye swali la ramani mbili hapo chini.

Kwa Tanzania ongeza "Zanzibar", "Dar es Salaam" na "Dar-es-Salaam", "Ifakara", "Bagamoyo", "Mwanza", "Moshi", "Hadza". Wapo wanaoandika anwani na kuishia kwenye mji. "Tanganyika" itakuletea samaki wa ziwa, basi. Kwa Kongo kumbuka nchi ni mbili, na machapisho ya kabla ya 1997 ya Kinshasa yameandikwa Zaire. "Guinea" ni balaa: kuna Guinea, Guinea-Bissau, Guinea ya Ikweta, Papua New Guinea, na mnyama wa maabara anayeitwa kwa Kiingereza "guinea pig".

Mitego mibaya zaidi hutokea baadaye, unapochuja kwenye Excel kwa kutafuta herufi ndani ya seli. "Oman" imo ndani ya "woman" na "Roman". "Mali" imo ndani ya "Somalia". "Niger" imo ndani ya "Nigeria". Chuja kwa neno zima, au kwa herufi mbili za nchi kama TZ, KE, UG, CD, OM ikiwa hifadhidata inazo.

Nitajuaje kama utafutaji wangu umeshika vya kutosha?

Fanya vipimo viwili.

Cha kwanza ni cha kukamata. Kabla ya kutafuta, andika orodha ya makala 20 hadi 30 unazojua kwa uhakika kwamba ni za mada na nchi yako, ulizozipata kwa njia nyingine kama tasnifu, wasimamizi au orodha za marejeo. Kisha angalia ngapi zimo kwenye matokeo. Zikikosekana zaidi ya 2 kati ya 20, chunguza kila iliyoponyoka: ni neno gani lilikosekana?

Cha pili ni cha usafi. Chagua rekodi 200 kwa bahati nasibu, zisomwe na watu wawili bila kuoneana majibu. Kama 170 ni za kweli, usafi ni 85%, na kosa la sampuli ni kama asilimia 5 juu au chini. Pima pia kama wasomaji wawili wanakubaliana, kwa kipimo cha kappa cha Cohen. Chini ya 0.6, kaeni chini mwandike upya vigezo, kwa sababu tatizo liko kwenye kigezo chenu. Mabishano hutokea palepale kila mara: makala za mapitio, majaribio ya probiotiki (bakteria hai wanaoliwa kwa ajili ya afya) ambayo hayakupima bakteria wenyewe, na tafiti za kimelea kimoja tu kama Helicobacter pylori. Sisi huzitenga hizo za mwisho.

Makala moja ina nchi tano. Naihesabu kama ya nani?

Hapa ndipo matokeo ya ramani nyingi hubebwa na mazoea. Tuseme makala ina waandishi 12 kutoka nchi 3, na wawili kati yao, wasio wa kwanza kwenye orodha, wana anwani ya Tanzania. Kwa hesabu kamili, Tanzania inapata 1. Kwa hesabu ya mafungu kwa waandishi, ambapo makala moja hugawanywa sawa kwa waandishi wote, inapata 2/12, yaani 0.17. Kwa mafungu kwa nchi inapata 0.33. Kwa mwandishi wa kwanza inapata 0. Majibu manne kwa karatasi ileile, na yote ni halali mradi useme umetumia lipi.

Sasa chukua Wahadzabe. Mwaka 2014 jarida la Nature Communications lilitoa uchunguzi wa choo cha Wahadzabe 27 ukilinganishwa na Waitaliano 16. Ulionyesha bakteria wa aina nyingi zaidi, Treponema wengi, na Bifidobacterium wakiwa kama hawapo. Mwaka 2017 Science ikatoa uchunguzi mwingine wa sampuli 350 kutoka kwa watu 188, ulioonyesha kwamba baadhi ya bakteria hupungua msimu mmoja na kurudi mwingine, kufuatana na chakula cha masika na cha kiangazi. Mwaka 2023 Cell ikarudi kwao tena kwa usomaji wa DNA wa kina zaidi. Kazi hizi ziliongozwa kutoka Ulaya na Marekani. Katika ile ya 2017, kwa mfano, watafiti wa NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) Mwanza wamo katikati ya orodha ya waandishi.

Ukitumia hesabu kamili, makala kama hizi zinaiinua Tanzania, na wingi wa kunukuliwa kwake unapaisha wastani wa nchi nzima. Ukitumia mwandishi wa kwanza na wa mwisho, zinatoweka. Tunashauri utoe safu tatu kwenye jedwali moja: hesabu kamili, mafungu, na uongozi, yaani makala ambazo mwandishi wa kwanza au wa mwisho ana anwani ya nchini. Pengo kati ya safu ya kwanza na ya tatu lenyewe ni matokeo, pengine makubwa kuliko mengine yote utakayoyapata. Jihadhari tu na mtafiti mwenye anwani mbili, mfano Kilifi na Oxford, ambaye hifadhidata inaweza kumhesabu kote kote.

Kwa nini mnasema zichorwe ramani mbili?

Kwa sababu anwani ya mwandishi na mwili uliotoa sampuli ni vitu viwili. Tengeneza jedwali la miraba minne: mwandishi wa nchini yupo au hayupo, sampuli za nchini zipo au hazipo.

Yupo na zipo: huu ndio utafiti ambao wengi huufikiria. Mfano ni jaribio la Mwanza lililochapishwa mBio mwaka 2014, la mtindi wenye probiotiki kwa wajawazito na watoto wa shule, lililopima madini yenye sumu mwilini. Yupo lakini hazipo: mara nyingi ni mapitio, au mwanafunzi aliye masomoni nje. Hayupo lakini zipo: sampuli zimesafiri, majina hayakusafiri. Mraba huu hauonekani kabisa ukitafuta kwa anwani peke yake, ndiyo maana tulisema utafute pia nchi ndani ya maandishi. Mraba wa nne hauhitajiki.

Sampuli zenyewe unaweza kuzihesabu kwenye hazina za mifuatano ya DNA, ambako kila sampuli ina sehemu iitwayo "geo_loc_name". Watafiti walioihesabu dunia nzima kwa njia hiyo walichapisha katika PLoS Biology mwaka 2022: kati ya sampuli za mikrobiomu ya binadamu ambazo asili yake inajulikana, zaidi ya 71% zilitoka Ulaya, Marekani na Kanada. Marekani peke yake ilikuwa na 46.8% huku ikiwa na 4.3% ya watu wa dunia. Kwa upande wetu hali inaanza kubadilika. Mwaka 2025 Nature ilichapisha uchunguzi wa mikrobiomu ya wanawake 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini. Kazi moja ya ukubwa huo inabadili hesabu ya sampuli za nchi, lakini kwenye hesabu ya makala inabaki kuwa 1.

Mstari wangu wa ushirikiano wa kimataifa umeruka ghafla 2014. Kulitokea nini?

Kwenye PubMed, kilichobadilika ni hifadhidata yenyewe. Kwa miaka mingi, kuanzia 1988, PubMed iliweka anwani ya mwandishi wa kwanza tu. Anwani za waandishi wote zilianza kuingizwa kuelekea 2014. Kwa hiyo Mtanzania aliyekuwa mwandishi wa tatu mwaka 2011 haonekani, na mwaka 2015 anaonekana. Usichore ushirikiano wa PubMed ukivuka mwaka huo.

Mruko mwingine wa aina hiyo huletwa na Web of Science kuongeza kundi jipya la majarida yanayochipukia mwaka 2015. Majarida ya kikanda yaliingia kwa wingi, na nchi ndogo zikaonekana kama zimeamka. Kabla ya kuandika neno "ongezeko", chora mstari mara ya pili kwa majarida yaliyokuwemo kipindi chote. Ukibaki unapanda, andika.

Nimeona bakteria wapya wanachipuka baada ya 2020. Ni mwelekeo mpya?

Pengine ni majina mapya tu. Mwaka 2020 jenasi Lactobacillus iligawanywa, na Lactobacillus rhamnosus akawa Lacticaseibacillus rhamnosus. Mwaka 2021 makundi makuu yalipewa majina rasmi mapya: Firmicutes wakawa Bacillota, Bacteroidetes wakawa Bacteroidota. Clostridium difficile alishaanza kuitwa Clostridioides difficile tangu 2016. Ramani inayopaka rangi kwa mwaka itaonyesha majina ya zamani kwa rangi ya kale na mapya kwa rangi ya sasa, na msomaji asiye mwanabiolojia ataamini kwamba utafiti umehama.

Dawa yake ni faili la visawe, ambalo limeelezwa kwenye hatua zinazofuata.

Nipe hatua za VOSviewer.

VOSviewer ni programu ya bure ya kuchora mitandao ya machapisho, kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi.

1. Pakua rekodi. Scopus: CSV yenye sehemu zote, pamoja na marejeo. Web of Science: rekodi kamili na marejeo, maandishi yaliyotenganishwa kwa tabo.

2. Tengeneza faili la visawe kwenye kihariri cha maandishi matupu. Mstari wa kwanza uwe na maneno mawili yaliyotenganishwa kwa tabo: "label" na "replace by". Chini yake, kila mstari una neno la kubadilisha, tabo, kisha neno la kubaki. Hapo ndipo "gut microbiome", "intestinal microbiota", "gut flora" na "gastrointestinal microbiome" huwa kitu kimoja. Neno ukiliachia upande wa kulia wazi, hufutwa. Tumia hivyo kwa maneno kama "article", "humans", "female" na "adult", ambayo yasipoondolewa humeza ramani nzima. Kosa la kawaida ni kutumia nafasi badala ya tabo.

3. Chagua mtandao wa maneno muhimu. Kiwango cha chini kilichowekwa ni mara 5. Kwa nchi yenye makala 150 kishushe hadi 3; kwa yenye makala 5,000 kipandishe hadi 20. Lenga nukta 40 hadi 80. Zikizidi hapo msomaji haoni kitu.

4. Kwa mtandao wa nchi, programu hupuuza makala zenye nchi zaidi ya 25 isipokuwa ukibadilisha. Kwa kawaida uache hivyo, lakini utaje. Ukitumia Web of Science, England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hutoka kama nukta nne. Ziunganishe kwa faili la visawe la nchi, au Uingereza itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Fanya hivyohivyo kwa Zaire na Kongo ya Kinshasa.

5. Chagua hesabu ya mafungu ("fractional counting") kwa mtandao wa nchi. La sivyo makala moja yenye nchi 20 inazaa mistari 190 na kufunika kila kitu.

6. Hifadhi faili la ramani na faili la mtandao, pamoja na picha. Picha peke yake haihaririki.

Ramani imetoka kama tope la rangi, kila kitu kimegusana.

Nukta yenye jina la mada yenyewe, "microbiota", imeungana na kila nyingine na kuzivuta katikati. Ifute kupitia visawe. Msomaji anajua kwamba ramani ni ya mikrobiota.

Likibaki tope, badili kipimo cha utengano, kinachoitwa "resolution", kutoka 1.0 hadi 0.8 kama makundi ni mengi mno, au 1.2 kama yamekuwa mawili tu. Usikibadilishe mpaka upate picha uliyoitamani. Badilisha mara mbili tatu, uone makundi yapi hayayumbi, uyaandike hayo tu. Na usiyape makundi majina kwa kutazama nukta kubwa peke yake. Fungua makala tano za kila kundi uzisome. Jaribio la Kwale, pwani ya Kenya, lililopima athari za virutubisho vyenye madini ya chuma kwenye matumbo ya watoto wachanga, huangukia kundi la lishe kwa sababu ya maneno yake. Matokeo yake lakini yalihusu kuongezeka kwa bakteria waletao maradhi.

Mchoro wa pembe nne wa Bibliometrix unasomwaje?

Bibliometrix ni kifurushi cha bibliometria cha programu ya takwimu ya R, na sura yake ya kubofya inaitwa biblioshiny. Mhimili wa mlalo ni jinsi mada inavyoungana na nyingine, wa wima ni jinsi ilivyoshikana ndani yake. Juu kulia ni mada zinazoendesha uwanja, chini kulia za msingi, juu kushoto za pembeni zenye wataalamu wachache, chini kushoto zinazozaliwa au zinazokufa. Mchoro haukuambii ni lipi kati ya hayo mawili. Chora vipindi viwili uone mada inahamia wapi. Kwa makala chini ya 100 usijisumbue nao, maana mada moja hujengwa na makala nne na kuruka pembe nzima ukiondoa moja.

Nawezaje kusema nchi yangu iko juu au chini?

Usishindanishe idadi tupu. Tumia uwiano: sehemu ya mikrobiota katika machapisho yote ya nchi, gawanya kwa sehemu ya mikrobiota katika machapisho yote ya dunia. Tuseme nchi ina makala 60 za mada hii kati ya 12,000, yaani 0.5%, na dunia ina 1%. Uwiano ni 0.5: nchi inaipa mada nusu ya uzito inaopewa duniani. Utafutaji wa dunia lazima uwe uleule, bila fungu la nchi, siku ileile, hifadhidata ileile.

Kasi ya ukuaji je?

Gawanya idadi ya mwisho kwa ya mwanzo, tafuta kipeuo cha pili, cha tatu au cha nane cha jawabu kulingana na idadi ya miaka, ondoa 1. Kutoka makala 4 hadi 32 kwa miaka 8 ni ukuaji wa takriban 30% kwa mwaka. Inasikika vizuri, lakini kama mwaka wa mwanzo ungekuwa na makala 8 ingeshuka hadi 19% hivi. Kwa idadi ndogo kama hizi tumia wastani wa miaka mitatu mitatu, na ukate mwaka ambao haujaisha. Mstari unaoporomoka mwishoni mwa mchoro karibu kila mara ni huo.

Ni mambo gani lazima yasomwe kwa macho?

Haya, kwa kila makala iliyobaki: sehemu ya mwili, umri wa washiriki, mkoa, mjini au kijijini, ugonjwa, idadi ya watu, mbinu iliyotumika, na mahali DNA iliposomwa. Hakuna programu inayokupa safu hii ya mwisho. Imefichwa katikati ya sehemu ya mbinu.

Andika pia kipande kilichosomwa cha jeni ya 16S, ile inayotumika kutambua bakteria; vipande hivyo huitwa V1, V2 na kuendelea. Baadhi ya vianzishi ("primers") vya V1–V2 huwakosa Bifidobacterium, bakteria wakuu wa watoto wanyonyao, kwa hiyo tafiti mbili za mkoa mmoja zinaweza kupingana kwa sababu ya kianzishi tu. Ukikuta nchi yenye tafiti nyingi za V4 na chache za V1–V2, usijaribu kujumlisha matokeo yao.

Makala zilizo kwenye majarida ya nyumbani nizipateje?

Pitia AJOL, hazina ya mtandaoni ya majarida ya Afrika, halafu hazina za vyuo kama MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa tasnifu. Ziweke kwenye jedwali tofauti, kwa kuwa hazina rekodi za marejeo zinazoingia VOSviewer. MUHAS ilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kabla ya hapo majina ya anwani yalikuwa mengine, yaunganishe.

Nahitaji kibali cha maadili?

Kwa kuhesabu machapisho, kwa kawaida hapana, ila chuo chako kinaweza kudai barua inayothibitisha kwamba huhitaji kibali. Ukitaka kuwahoji watafiti, hilo ni jambo jingine: omba kibali.

Nihifadhi nini ili mwenzangu aweze kurudia kazi?

Maneno kamili ya utafutaji kwa kila hifadhidata kama yalivyonakiliwa kutoka kwenye kisanduku, tarehe ya kutafuta, idadi ya rekodi kabla na baada ya kila chujio, faili la visawe, toleo la programu, na jedwali la maamuzi ya wasomaji wawili likiwa na sababu ya kila makala iliyoondolewa. Weka vyote Zenodo, hazina ya wazi ya data mtandaoni, upate DOI. Mafaili ghafi ya Scopus na Web of Science usiyapandishe, mkataba wa leseni hauruhusu. Weka orodha ya DOI za makala tu, mwenzako atazipakua mwenyewe.